Mwaka wa Mito Minne

Daktari Mutheu alikuja kunitembelea Mikindani mwezi uliopita, na alipofika mlangoni ilibidi nimpe kiti kabla ya salamu, maana kilima chetu kilikuwa kimemmaliza. Alikaa akihema, mkono kiunoni, kichwa kizima mvi, nami nikashindwa kujizuia nikacheka. Karibu miaka thelathini nyuma ni mimi niliyekuwa nikihema, na yeye ndiye aliyekuwa akinitazama. "Dama," alisema alipopata pumzi, "moyo yako iko aje?" Nikamwambia wangu hauna neno, wasiwasi wangu ni wake. Amekaa Pwani umri wote huu na Kiswahili chake bado hakijateremka kutoka Machakos, lakini sijapata kumsikia mtu mwingine akiutaja moyo kwa adabu kama yeye. Amestaafu sasa. Aliniletea maparachichi, akanywa chai yangu, akaniambia kwamba katika wanawake wote aliowafuata kwa utafiti wake, mimi ndimi niliyemshinda. Moyo wangu ulikataa kupona wakati wenzangu wanapona, halafu, alipokuwa amekwisha kukata tamaa, ukapona. Hakupata kujua kwa nini, na picha zake bado huwaonyesha madaktari wachanga. "Niambie tu," alisema, "ile miezi ya katikati ulikuwa unafanya nini?" Nikamwambia nilikuwa nikikaa peke yangu. Akacheka, akadhani namkwepa, tukaingia kwenye habari za magoti yake.

Alipoondoka niliosha vikombe, nikakaa uani mpaka kivuli kikahama. Sikuwa nikimkwepa. Mwaka ule, ukiondoa safari za hospitali, sikuwa na kazi nyingine ila kukaa peke yangu, na kazi hiyo niliifanya vizuri mno, hata leo nikibaki nyumbani mchana kutwa bila mtu, mwili wangu huikumbuka upesi. Wala msitarajie niseme kwamba moyo huponywa na mapenzi. Watu wa kanisani hupenda niwaambie hivyo, wakanitazama wakingoja. Moyo ni nyama. Nimeuona wangu kwenye kioo cha mashine, ukijivuta kwa uvivu kama mtu anayeamshwa kabla hajashiba usingizi, na hakuna jina la mtu lililoandikwa juu yake. Lakini nilichokuwa nikikingojea mwaka ule nakijua, na hicho Daktari hakuniuliza.

Yote yalianzia katika chumba cha ndani cha mavyaa wangu, mama yake mume wangu, hapahapa Mikindani, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Mume wangu Karisa alikuwa utingo wa malori ya Malaba, mtu wa kuonekana kwa vipande, kwa hiyo arobaini yangu ilikuwa mikononi mwa mamake. Na arobaini kwetu si mchezo. Siku zote hizo mzazi hafagii, hatoki nje, hashiki maji baridi. Dirisha lilizibwa kwa leso, jiko la makaa likawekwa pembeni mwa kitanda, na kila asubuhi nilikandwa kwa maji ya moto mpaka ngozi ikawaka. Kisha chakula: uji wa pilipili manga, supu ya kuku, maini, samaki wa nazi, halafu uji tena. Mtoto alikuwa msichana, na kwa desturi yetu Wagiriama alipewa jina la bibi yake mzaa baba, Sidi. Mavyaa akawa anamwita somo yangu, na akinisimamia na bakuli alikuwa akisema, "Kula, mwanangu, somo yangu anyonye." Wiki zilipokuwa zikisonga nilianza kuvimba. Kwanza vifundo vya miguu, kisha miguu yenyewe, kisha uso. Wanawake waliokuja kunipa hongera walinitazama wakapiga vigelegele, na walipotoka niliwasikia ukumbini, nyuma ya pazia.

"Mama Karisa, mzazi umemlea. Lile shavu lile."

"Mimi binti yangu alitoka arobaini mifupa mitupu, kama hakuzalia kwa watu."

Na sauti ya mavyaa, ikijizuia isijivune: "Ni Mungu. Mimi napika tu."

Mzazi akinona, nyumba imepata sifa. Asiponona, watu watauliza alikuwa akilishwa nini. Hakuna aliyenitazama akaona mgonjwa, hata mimi mwenyewe sikumwona. Nilipolala chali nilihisi nazama, basi nikawa nalala nimeketi, nimeegemea ukuta, nakohoa. Mavyaa akasema ni baridi imeniingia, akaongeza makaa. Siku ya kutoka arobaini nyumba ilijaa watu na harufu ya pilau. Walinivika leso mpya, wakaniletea viatu, na viatu vikakataa kuingia. Wakacheka, wakaniletea vya Karisa. Navyo vikakataa, wakazidi kucheka, mmoja akasema nitoke pekupeku kama malkia. Nilisimama niende ukumbini nikaonekane na watu. Nikavuka kizingiti, na kumbukumbu yangu inaishia kwenye rangi ya pazia, kijani kibichi chenye maua meupe.

Hospitalini walinipa dawa ya kuutoa mwili maji, na kwa siku chache nikakojoa unono wangu wote. Madaktari walikuja kitandani kwa makundi, wakiweka vipimo vyao kifuani kwangu kwa zamu, wakizungumza Kiingereza juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, Kiingereza nakisikia. Mmoja alisema mimi ni kisa cha kuvutia. Sijapata kumvutia mtu maishani mwangu kama nilivyowavutia watu wale, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina ila msichana mwembamba aliyesimama mwisho wa kundi. Huyo ndiye alikuwa Daktari Mutheu. Alikuwapo pia siku ile mavyaa alipoingia na mtoto mgongoni, akanikuta nimebaki ngozi na macho.

"Wamekumaliza," alisema, akinishika mkono. "Arobaini yangu yote wameimwaga."

Daktari alimvutia kiti. Alimweleza polepole, kwa kile Kiswahili chake, kwamba ule haukuwa unono, yalikuwa maji. Moyo wangu ulikuwa umepanuka, umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yakajaa mwilini. Mavyaa alisikiliza huku akimtikisa mtoto.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa namnenepesha maji," alisema.

"Hapana, mama. Hii ugonjwa haijatoka kwa uji yako. Inashika wazazi, na sisi wenyewe hatujajua vizuri inatoka wapi. Ndio nafanya utafiti. Shida ni moja tu, mmechelewa kumleta."

Katika maneno yote yale mavyaa alisikia hayo ya mwisho peke yake. Nilimwona yakimwingia. Mwanamke yule, aliyekuwa na sauti ya kuita watu kutoka barabarani, aliinamisha kichwa akatazama miguu yangu iliyokuwa imesinyaa juu ya shuka, mpaka kengele ya wageni ikalia.

Masharti niliyopewa yalikuwa haya: nisinyonyeshe tena, kwa sababu ya dawa na udhaifu; nisibebe mtoto wala maji; nisipande kilima; nisile chumvi; na mimba nyingine nisiisikie hata kwa jirani, kwa maana ingeniua. Sasa Mikindani ni kilima kitupu. Ikabidi nikakae Frere Town, karibu na kliniki ya Daktari, katika chumba alichonitafutia Karisa kwa mwanamke mmoja mjane aitwaye Bi Rehema. Mtoto akabaki kwa bibi yake. Hakuna aliyeniuliza kama nataka, na wangeniuliza ningejibu nini? Mavyaa alinifungia nguo zangu mwenyewe. Alipomaliza kufunga alisema, bila kunitazama, "Siku daktari atakaposema moyo umerudi, nitakukabidhi mwanao mkononi. Nakuapia. Mpaka siku hiyo, huyu sitamkosea." Na tangu siku hiyo hakunipikia tena, hata kikombe cha chai. Akija kunitazama alikuja mikono mitupu, yeye ambaye hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kitu.

Chumba cha Frere Town kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, kabati lisilofunga, na dirisha la kutazama ukuta wa jirani. Nililala juu ya mito minne, yaani sikulala, niliegemea. Maziwa yalinisumbua wiki za mwanzo. Yalikuwa yakitoka yenyewe mtoto yeyote alipolia mtaani, nami nikawa najifunga kitambaa kifuani na kugeukia ukutani. Nilikuwa mpweke, silipambi neno hilo. Nilikuwa mpweke hata nikawa najua jirani yupi anakohoa vipi. Karisa alikuja safari ziliporuhusu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanipa karanga na habari za barabara, kisha akatandika mkeka chini akalala huko, kwa kuliogopa lile neno la daktari kuhusu mimba. Alikuwa mtu mwema. Aliniogopa kama anavyoogopwa mgonjwa wa kuambukiza, na mimi sikuwa na la kumwambia la kumrudisha kitandani.

Bi Rehema ndiye aliyenilisha. Alikuwa mzawa wa kisiwani, mnene, mwenye maneno mengi ya kizamani, na sharti la chumvi lilimuudhi kuliko lilivyoniudhi mimi. "Wallahi, chakula hiki hata paka hali," alikuwa akisema, akiniwekea wali wa nazi na maharage, kisha anakamua ndimu, anatwanga tangawizi na kitunguu saumu, anajaribu kuidanganya sahani. Alijiapiza kwamba atakula chakula kilekile nisile peke yangu. Nami nilikuwa nikimwona kila siku akijinyunyizia chumvi kutoka kwenye fundo la leso yake, chini kidogo ya meza, na sikumwambia kamwe kwamba nimemwona. Jirani wa pili alikuwa akipika papa mkavu mara kwa mara, na harufu ile ilipopita dirishani nilikuwa nikitokwa na machozi kwa uchu. Kuta za nyumba zile ni nyembamba. Alasiri moja nilimsikia Bi Rehema uani akimwambia mgeni wake, "Mtoto wa watu hana kelele, hana kilio. Mimi nagonga mlango wake kila asubuhi nikisoma dua, nisije nikamkuta maiti." Kumbe ndiyo maana alikuwa akigonga kabla ya kuleta chai.

Mavyaa mwanzoni alikuwa akimleta mtoto kila Jumapili, akitoka kanisani. Walivuka mji mzima, na nusu ya muda wao kwangu mtoto alikuwa amelala. Kisha mvua za masika zikaanza. Kisha mtoto akakohoa, na Daktari akasema mwenye kikohozi asiletwe kwangu. Kisha meno. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na kila sababu ilipokwisha ilibaki desturi mpya ya kutokuja. Siku moja alipoletwa, nilinyoosha mikono akanikatalia, akauficha uso shingoni mwa bibi yake. "Ana usingizi," mavyaa alisema haraka. Hakuwa na usingizi. Nilicheza na mguu wake mmoja mpaka wakaondoka.

Kila mwezi nilikwenda kwa Daktari Mutheu. Tulikuwa kundi la wanawake kwenye benchi moja, wote tumezaa karibuni, wote tumeambiwa maneno yaleyale. Ndani, katika chumba cha giza, alinipaka dawa ya baridi kifuani, akateleza na kidude chake, akatazama kioo. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Unalalia mito mingapi?" Nikajibu minne. Wenzangu walianza kusema miwili, kisha mmoja, kisha wakaja na watoto wao mgongoni, wakisimama bila kushika ukuta. Mmoja hakuja tena, na hakuna aliyeuliza habari zake kwenye benchi, tulisogea tu. Mimi nikabaki na minne. Karibu katikati ya mwaka, nikiwa navaa nyuma ya pazia, nilimsikia Daktari akizungumza kwa Kiingereza na mkubwa wake. Mkubwa alisema mioyo isiyorudi kufikia wakati huu aghalabu hairudi, na kwamba yafaa familia iambiwe ijipange. Daktari akasema, "Ngoja kidogo." Yule akasema, "Unangoja nini?" Nilifunga vifungo vyangu vyote, kisha nikavifungua nikavifunga upya, nipate muda wa kutoka nikiwa na uso.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Bi Rehema: moyo hautarudi, kwa hiyo mtoto hatarudi. Ndivyo lilivyokuwa kwangu, jambo moja. Kufa sikukuogopa kama nilivyoogopa kuishi hivi, juu ya mito, miaka, mwanangu akiniona kama mgeni wa Jumapili. Bi Rehema alileta ungo wake wa mchele akakaa kwenye kile kiti changu kimoja. "Sina la kukwambia, mwanangu," alisema. "Ila nitakaa hapa nichambue mchele." Akakaa mpaka magharibi. Mchele ule ulikuwa safi tangu asubuhi.

Sasa Daktari anataka kujua kilichotokea baada ya hapo, na ningejua ningemwambia. Dawa zilikuwa zilezile. Chakula kilekile. Niliamka siku moja mto mmoja uko sakafuni, nikamlaumu paka. Baada ya muda nikabaki na miwili, kisha nikaanza kulala nimenyooka, nami sikumwambia mtu. Kliniki nilipoulizwa nilisema, "Sijui, mitatu hivi," kwa sauti ndogo, kama mtu anayebeba yai. Daktari alitazama kioo. Akanipaka dawa tena, akateleza tena. Akazima mashine akaiwasha upya. Kisha akatoka akawaita wenzake, chumba kikajaa, na yule mkubwa wake akainamisha kichwa chake karibu na kioo kabisa. Nilikuwa kisa cha kuvutia kwa mara ya pili. Walipokwisha kutoka Daktari alibaki, akanifuta kifua kwa taulo mwenyewe, polepole. "Dama, imerudi," alisema. "Moyo yako imerudi. Sijui imetoka wapi." Nilimuuliza kama naweza kupanda kilima. Akasema nipande taratibu, nikichoka nisimame.

Sikusimama. Nilipanda Mikindani saa za adhuhuri, jua la kichwani, na nilipofika juu mavyaa alikuwa mlangoni akinitazama tangu bondeni. Hakuhitaji kuuliza. Machozi yalikuwa yakimtoka naye anacheka, au labda kicheko kilikuwa kikimtoka naye analia. Alinishika mabega akanitazama miguu, akabonyeza kifundo kwa kidole kama nilivyowaona madaktari wakifanya, akatazama kama kidole kimeacha shimo. Hakikuacha. Akaingia ndani, akatoka na nguo za mtoto zimekunjwa, zote, na kile kikombe chake cha bati. "Nilikuapia," alisema. "Mwanao huyo ndani amelala. Akiamka nenda naye." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya hospitali, akawasha jiko akanipikia. Alinipikia samaki wa nazi. Alisimama na chumvi mkononi akanitazama, nikamwambia kidogo ruhusa, akatia kidogo mno. Tulikula mkekani. Kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote nilivyowahi kula, na kila tonge nilikuwa nikisikiliza chumba cha ndani.

Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini sikuondoka naye siku ile, kwa nini nilirudi Frere Town peke yangu, nikamuaga Bi Rehema, nikahamia hapa nyumba ya pili kutoka kwa mavyaa, nikawa jirani wa mwanangu mpaka akawa mkubwa. Wengine hudhani nilinyang'anywa. Mavyaa hakuninyang'anya; ule mzigo wa nguo ulibaki mlangoni siku nyingi, kila nilipokuja akinionyesha. Sababu ni fupi. Tulipokuwa tunanawa mikono, mtoto aliamka akatokea kwenye pazia, anatembea, kitu ambacho nilikuwa sijakiona, mkono mmoja ukutani, macho bado mazito. Akaita, "Mama."

"Abee," tukaitika wote wawili.

Alinitazama kidogo, kwa adabu. Kisha akaanza kuuvuka mkeka kwenda kwa bibi yake, nami nikakunja miguu kumpisha.